Biskuti Themanini Zilizopigwa Msasa

Jumanne, 17 Desemba

Mimi nina bahati kuliko mtu yeyote ninayemjua. Naandika hapa ili iwe ushahidi. Mke wangu ameenda kwao, leo siku ya tisa, na nyumba yote ni yangu. Kitanda chote changu! Nalala kimshazari, kama rula iliyoangushwa. Redio naifungulia mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Chai natia sukari vijiko vinne na hakuna anayenikoholea. Wanaume wangapi mtaa huu wanapata nafasi kama hii bila kufiwa? Hakuna. Waulize.

Aliondoka kwa jambo dogo. Dogo kabisa. Jirani yetu Mwalimu alistaafu, mke wangu akamwokea keki ya kumuagia. Watu wakaila, wakalamba vidole, wakauliza nani kaoka. Nikasema mimi. Basi! Nilisema nimeikoroga kwa mikono hii miwili. Kichwani nilikuwa natania, mdomoni ikatoka kama kweli. Watu wakapiga makofi, na mtu anayepigiwa makofi hawezi kuwakatiza, ni utovu wa adabu. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Akaliweka chini polepole. Angelitupa ningejua la kufanya. Ile polepole ndiyo iliyonitisha.

Leo mama mkwe kapiga simu. Kasema mwanawe hajachoka ndoa, amechoka uongo. Kisha akanisomea masharti. Mkesha wa Krismasi, jioni, familia ikikaa mezani kwao kuonja vitu vya sikukuu, nilete biskuti nilizotengeneza mwenyewe. Kuanzia unga mpaka sahani. Kwa mikono ile ile niliyojisifia nayo. Nikizileta, mke wangu anarudi. Nisipozileta, anabaki huko, na habari ya mwaka mpya itajulikana mwaka mpya.

Nikamuuliza, hilo tu, mama? Akasema hilo tu, mkwe wangu. Akacheka kidogo kabla ya kukata simu. Kicheko cha nini, sijui.

Mimi ni seremala. Nimetengeneza milango, makabati, vitanda vya maharusi, na jeneza la mtu mnene kuliko wote hapa mjini, na halikutoa mlio. Biskuti itaniweza?

Jumatano, 18 Desemba

Nilianza saa mbili asubuhi. Unga, sukari, siagi, mayai. Mke wangu kaacha daftari lake la mapishi, lakini ni la hovyo. "Siagi ya kutosha." Inamtosha nani? "Moto wa kiasi." Kiasi gani? Mtu angenipa kazi ya mlango kwa vipimo hivyo ningemfukuza. Nikaliweka kando. Siagi nikaipunguza, kwa sababu mafuta mahali popote yanalegeza maungio. Hiyo ni elimu, si kubahatisha.

Nikakanda saa nzima. Gundi inataka kukorogwa mpaka ishike, na unga ni hivyo hivyo. Nikausukuma kwa mguu wa meza, mpya, nimeuosha. Nikapima unene kwenye pembe zote nne: milimita sita, sita, sita, sita. Nikakata kwa rula. Biskuti arobaini na nane, zote mapacha. Ungezipanga moja juu ya nyingine ungepata nguzo ya kuegemea.

Zikatoka kwenye oveni zimependeza. Nikang'ata. Jino la nyuma likanena.

Nikachovya kwenye chai. Dakika kumi. Iliyochoka ni chai. Nikamtupia kuku wa Mwalimu moja. Akadonoa mara moja, akanitazama, akaenda kuongea na wenzake.

Si hasara tupu. Meza yangu ya karakana ilikuwa inayumba mguu mmoja tangu mwaka juzi. Nimeweka biskuti moja chini. Imetulia tuli.

Lawama ni za siagi. Siku hizi wanachakachua.

Alhamisi, 19 Desemba

Jaribio la pili. Leo sikukanda sana, na siagi niliongeza. Rojo likawa zuri, nakiri, lilinukia kama nyumba yenye mtu. Nikazitia kwenye oveni na kutulia.

Hodi! Mwalimu. Mama wa watu ana daftari mkononi na miwani puani. Tangu ile sherehe yake anaamini mimi ndiye mwokaji wa mtaa, na kumwambia vinginevyo sasa ni kumvunja moyo mstaafu. Akasema baba, naomba ushauri wako, mayai mangapi yanatosha keki moja? Nikafikiri. Nikasema inategemea kuku. Akaandika. Akauliza mtu atajuaje keki imeiva. Nikasema unaisikiliza. Akaandika, akapiga mstari chini yake. Akasema nina kipaji cha kufundisha, na yeye amefundisha miaka thelathini na tano, anakijua kipaji akikiona.

Sasa mtu akikwambia hivyo utamfungia mlango? Nikamweleza mambo ya oveni. Nikamweleza mambo ya unga. Nikamweleza jinsi wageni kutoka mbali walivyowahi kunifuata kwa ajili ya sukari yangu ya juu. Hata mimi nilikuwa najifunza. Mwishowe akauliza kwa heshima kama ule ni moshi.

Nikasema ndiyo. Nikasema wataalamu huacha oveni ifuke moshi kidogo ili ikauke. Akaandika hilo pia.

Zilikuwa nyeusi mpaka ndani. Nilizitoa kwa koleo.

Nimekaa kwenye kiti changu nafikiri. Mimi si mtu wa kushindwa. Sharti lasema kwa mikono yangu. Limesema mikono. Mikono inaweza kufanya mambo mengi.

Ijumaa, 20 Desemba

Nimepata dawa! Biskuti za dukani. Kiwanda kimeshahangaika na siagi na moto, kwa nini mimi nirudie mateso yale yale?

Shida ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Tunamwita Meneja. Si meneja. Ni msaidizi wa mtunza stoo kwenye supamaketi ya hapa karibu, lakini funguo za stoo amezining'iniza shingoni, anazivaa mpaka msibani. Anaishi kwa wazazi. Tangu dada yake arudi, anakula sahani imefunikwa na shati lake limenyooka. Amenenepa siku kumi na moja hizi. Mtu wa aina hiyo unadhani anataka ndoa yangu ipone? Anaombea biskuti zangu ziungue!

Kwa hiyo sikununua kwake. Nilivuka mji mzima, nimevaa kofia ya baba mkubwa na miwani ya jua, nikaingia duka nisilojulikana. Nikachagua biskuti za siagi, za mviringo, nzuri, zisizo na mbwembwe. Themanini. Mwenye duka akauliza kama nina sherehe. Nikasema nina vita.

Nyumbani nikafungua pakiti ya kwanza. Nikaona balaa. Kila biskuti ina mhuri wa taji katikati, jina la kiwanda limezunguka taji, na matundu manane pembeni.

Mtu mwingine angelia. Mimi nilikaa nikaitazama ile biskuti, na ghafla sikuona biskuti. Niliona ubao. Ubao ukija na mhuri wa kiwanda na matundu ya misumari, seremala anafanyaje? Anapiga msasa. Anaziba matundu. Anapaka rangi. Anakabidhi!

Nalala mapema leo. Akili inataka kupumzishwa kama ng'ombe wa maziwa.

Jumamosi, 21 Desemba

Kazi imeanza saa moja asubuhi karakanani. Nimetandika shuka safi juu ya meza. Msasa mpya kabisa, ule laini kuliko wote, mtu asije akasema nalisha watu mchanga. Mimi ni mjanja, si mnyama.

Biskuti haipigwi msasa kama mninga. Ukikaza mkono inavunjika, ukilegeza mkono taji linabaki linakucheka. Lazima uende upande mmoja tu, taratibu, na pumzi umeibana. Ya kwanza ilivunjika. Ya pili ilivunjika. Ya tatu nikaipata! Nikaisimamisha kwenye dirisha niitazame.

Saa nne akaja mteja kuulizia mlango wake. Akanikuta nimeinama, unga wa biskuti umejaa kwenye nyusi, napuliza biskuti na kuipima ubapa kwa jicho moja. Akauliza fundi, unafanya nini? Nikamwambia ni oda maalumu. Akauliza na mlango? Nikasema mlango hauli mkesha wa Krismasi. Akaondoka akitikisa kichwa. Watu hawana subira na ufundi.

Mchana nikaziba matundu. Sukari laini na maji kidogo, rojo zito, nikalisukumia ndani kwa kisu cha kupakia, kile kipya ambacho sijawahi kukitumia. Tundu moja moja. Matundu manane kwa kila biskuti. Nikamaliza nikapaka ute wa yai kwa brashi mpya, mara mbili, kama vanishi. Halafu oveni, moto mdogo, na safari hii nilikaa mbele yake kama askari. Alikuja mtu akabisha hodi, nikasema sipo.

Zimetoka sitini na tisa nzima. Zina rangi ya asali. Hakuna taji, hakuna jina, hakuna tundu. Saa kumi na moja jioni ndipo niliponyoosha mgongo. Siku nzima! Kuoka kwenyewe daftari la mke wangu linasema ni dakika ishirini, lakini huo ni uvivu.

Hebu mtu aje aniambie hii si kazi ya mikono.

Jumapili, 22 Desemba

Meneja alikuja. Eti anaazima bisibisi. Tangu lini yule ameshika bisibisi? Alikuja kunusa. Nikasimama mlangoni nimejaza mlango wote. Yeye akanyoosha shingo upande huu, nami nikaenda upande huu. Akaenda upande ule, nami upande ule. Aliyetuona angedhani tunacheza ngoma.

Akasema shemeji, naona mambo ya jikoni yamekukalia vizuri, hata nyusi zina unga. Nikasema wenye kazi wanachafuka, shemeji, wengine wanavaa funguo. Akasema yeye hana muda wa kuchafuka, yeye analeta kopo kutoka ng'ambo. Bati la rangi, lina picha ya nyumba na theluji. Biskuti zilizotengenezwa na mashine tupu, hazijaguswa na mkono wa binadamu. Baba atakapozionja, akasema, atajua tofauti ya kitu na takataka.

Nikamuuliza anataka nini hasa. Akatazama viatu vyake. Akasema dada amepumzika pale nyumbani, mwache apumzike. Nikatazama shati lake. Mikunjo ya pasi ilikuwa imesimama kama upanga. Nikamwambia aliyepumzika namwona.

Aliondoka bila bisibisi. Niliigonga ile meza ya karakana kwa ngumi, na haikuyumba.

Sina wasiwasi. Mashine haijawahi kumshinda mtu mwenye nia.

Jumatatu, 23 Desemba

Siku ya mazoezi. Mbele ya kioo cha kabati nimetoa hotuba yangu mara saba. Naanza kwa unga. Naenda kwenye mateso. Sauti inakatika kidogo nikifika kwenye oveni. Mara ya tano nilitokwa na machozi ya kweli, nikaona haya, nikaosha uso.

Hotuba bila ushahidi ni maneno tu. Kwa hiyo nimefunga kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kwa kitambaa cheupe. Mwokaji gani hajaungua? Kimependeza. Ukikitazama unapata huruma.

Halafu nikapiga pasi shati la kesho, na kwa sababu kidole kimefungwa sikuweza kushika vizuri, nikaunguza cha mkono wa kulia. Kikaungua kweli. Nimekaa nacho ndani ya kikombe cha maji nusu saa, nikiandika kwa mkono wa kushoto uliofungwa. Ndiyo maana mwandiko huu unatembea kama mlevi.

Bado naisubiri kesho kwa hamu. Waje wote!

Jumanne, 24 Desemba

Niandike yote kabla sijayapamba.

Nilifika saa kumi jioni, kopo langu la biskuti mkononi. Nikaamkia wazee. Mama mkwe akanipokea, akasema mkwe wangu umekonda. Nikasema ni joto la oveni, mama. Mke wangu alikuwa anapanga vikombe. Akaniitikia salamu kama mtu anavyomwitikia fundi bomba. Amesuka nywele upya.

Tukakaa. Nikasimama nikatoa hotuba yangu, dakika kumi na mbili. Unga, jasho, moto, kidole. Mama mkwe akasema pole sana baba. Meneja akasema mbona aliyeungua anakishika kidole cha upande mwingine. Nikasema vimeungua vyote viwili. Nusu yake ilikuwa kweli.

Sasa baba mkwe alikuwa fundi saa miaka arobaini, na mpaka leo anatembea na kile kioo chake cha jichoni mfukoni mwa shati. Anakikagulia kila kitu, hata samaki. Katika mipango yangu yote, kioo kile sikukiweka! Akachukua biskuti yangu. Akabandika kioo jichoni. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kisha akaitia mdomoni, akatafuna, akasema hii imepitia mkononi mwa mtu, asibishe yeyote. Nikavimba kama andazi. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa amenyanyua macho kidogo. Kidogo tu, lakini niliona.

Zamu ya Meneja. Akaleta lile bati lake la theluji, limezungushiwa utepe wa gundi. Akalifungua kama anayefungua benki. Baba mkwe akala moja. Akala ya pili. Ya tatu aliichukua bila kumtazama mama mkwe, na yule mzee amekatazwa sukari. Akasema mkwe wangu, zako zina bidii, lakini hizi zina ladha. Kiwanda ni kiwanda. Meneja akanitazama, funguo zikalia shingoni.

Nikaokota moja kwa hasira, nikaitupa mdomoni.

Nikaacha kutafuna.

Miaka minane nimekula biskuti ile. Siagi imeunguzwa kidogo kwanza, mpaka inukie kama karanga. Ganda la limau limekwanguliwa. Halafu chumvi, punje mbili tatu, ile inayokuja mwisho wakati umeshadhani utamu umeisha. Hakuna mashine inayojua hivyo. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anatazama kijiko.

Nilisimama. Sikusimama kwa wema, niseme ukweli kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Nilitaka kumwangusha Meneja. Nikasema kiwanda gani? Kiwanda kimekaa pale kimeshika kijiko! Hizi ni za mke wangu, na anayesema ni za mashine aje tule pamoja, nimwonyeshe siagi iko wapi na limau liko wapi!

Kelele. Meneja akageuka rangi ya majivu. Mama mkwe akasema ndiyo maana mwezi uliopita alikuwa anasikia kitu kinavunjika-vunjika nyuma ya mlango wa chumba cha mwanawe kila jioni. Kumbe zile za ng'ambo Meneja alizila peke yake mpaka bati likawa tupu, na jana akamwangukia dada yake amjazie asiaibike. Dada akamjazia. Ana moyo mwepesi kwa watu wasiostahili, ndiyo maana aliolewa na mimi.

Meneja hakufa peke yake. Akaruka, akaishika biskuti yangu juu, akasema na hii je? Hii naipanga kwa mikono yangu kila wiki! Rafu ya tatu! Ina taji katikati na matundu manane! Akaivunja. Ndani ya kila tundu, sukari imejaa kama meno. Nikajaribu kusema huo ni mtindo.

Baba mkwe akatoa kioo jichoni, akakifuta kwa leso. Akasema kwa upole kwamba yeye aliiona tangu mwanzo. Mikwaruzo yote imeelekea upande mmoja, msasa laini sana, mkono wenye subira. Akasema alichosema ni kwamba imepitia mkononi. Hakusema imeokwa. Mama mkwe alicheka mpaka wakampiga mgongo na kumpa maji.

Mke wangu peke yake hakucheka. Aliniuliza kitu kimoja. Nimejuaje kwamba zile ni zake? Nikamwambia habari ya siagi kuunguzwa. Nikamwambia limau, na ile chumvi ya mwisho. Akakiweka kijiko mezani. Akasema miaka minane hujawahi kusema. Nikasema mdomo ulikuwa umejaa.

Hapo ningekaa. Mwenye akili angekaa! Lakini nilikuwa nimesimama tayari, na nikisimama maneno yanajileta yenyewe. Nikasema, kwa haki, masharti nimeyatimiza. Nimezifanyia kazi siku nzima, matundu zaidi ya mia tano kwa mkono, nani hapa amewahi kuifanyia biskuti hivyo? Nikaomba baba mkwe aamue kama mzee.

Mke wangu akasimama, akaingia ndani. Mlango ukafungwa. Polepole.

Mama mkwe akanirudishia kopo langu, akasema la njiani, baba. Nimerudi peke yangu.

Lakini Meneja nimemwangusha. Hilo liandikwe.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi njema kwangu mimi mwenyewe. Kifungua kinywa: biskuti za msasa na chai. Chakula cha mchana: hizo hizo. Si mbaya. Kuna moja ilikuwa na nywele ya brashi, nimeitoa.

Niliamua kuendelea na maisha. Nilifungua redio. Nikaifunga. Nikafagia karakana, ingawa ilikuwa safi. Nikasema kwa sauti kwamba sijali. Karakana haikunijibu.

Saa tisa alasiri mlango ukagongwa mara mbili. Mwenye nyumba yake habishi hodi, nikadhani ni Mwalimu na daftari lake, nikasema sipo. Sauti ikasema basi asiyekuwepo anifungulie, begi zito.

Yeye!

Akasema nisitabasamu. Nikajitahidi. Akasema hajarudi kwa sababu ya upuuzi wangu, amerudi kwa sababu amechoka kunyoosha mashati ya mtu mzima mwenye mikono miwili. Akaingia, akatazama jikoni, akaona masizi ukutani, akafunga macho. Akafungua. Halafu, akiwa bado ameshika begi, akasema watu wamekula mapishi yake tangu akiwa binti na hakuna hata mmoja aliyewahi kutambua kwamba siagi huwa anaiunguza. Hata mama yake. Akasema hivyo akiutazama ukuta, si mimi. Akaenda kuvua viatu.

Sharti ni moja. Mpaka Pasaka nisitamke kwamba nimepika, nimeoka wala nimekaanga kitu chochote. Nisitamke hata kwa utani. Nimeapa, mkono juu.

Jioni alikula biskuti yangu moja. Akaitafuna muda mrefu. Akasema msasa umeenda vizuri. Nimeshinda! Msasa ndio uliomrudisha, ila ana haya kusema.

Alhamisi, 26 Desemba

Mwalimu alipita kutupa salamu za sikukuu. Mke wangu alikuwa uani anafua. Nikamkaribisha chai, na kwa kuwa kopo lilikuwa mezani, akala biskuti. Akala tatu. Akasema hajawahi kuona biskuti yenye uso laini namna hii, kama imechongwa. Akauliza nani kaoka.

Niliapa nisitamke. Sikutamka! Nilinyanyua tu kidole kilichofungwa, nikakitazama kwa huzuni.

Akapiga makofi peke yake. Akatoa daftari. Kumbe ana kikundi chake cha akina mama, wapo thelathini na wawili, wanakutana mkesha wa mwaka mpya asubuhi, na wanatafuta mtu wa kuwaonyesha kuoka, hapo hapo, mbele ya macho yao. Akaniuliza kama nitakubali. Kutikisa kichwa si kutamka. Nikatikisa.

Nimeshanunua msasa. Nitawaambia biskuti bora huokwa siku moja kabla na kuletwa zimepoa. Mke wangu hajui bado. Nitamwambia naenda kurekebisha viti vya ukumbi. Safari hii nitatumia msasa mkali kidogo, taji litoke haraka, nipate muda wa kufanyia mazoezi hotuba. Hakuna kinachoweza kuharibika. Sioni hata kimoja.

Nimefungua ukurasa wa kwanza nione nilianzaje. Nimesoma pale nilipoandika kwamba nina bahati, kwamba nalala kimshazari kwenye kitanda chote. Uongo. Siku zote zile nililala ukingoni, upande wangu ule ule, na upande wake sikuugusa.